Boti mpya zinaenda mbali, pwani anayewasubiri wavuvi ni nani?

Kila picha za makabidhiano ya boti za faiba zikisambaa mtandaoni maoni yanakuwa yale yale, wapo wanaoshangilia, wapo wanaouliza kapewa nani na kwa kujuana na nani, halafu katikati hapo kuna sentensi moja inayorudiwa sana na hakuna anayeipinga: sasa wavuvi wetu wanatoka kwenye ngalawa na mitumbwi, ajali za baharini basi. Mimi sina shida na mpango wenyewe, toka Januari 2024 Rais Samia alipozindua kule Mwanza ugawaji wa boti na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo usio na riba nimeona ni pesa imewekwa sehemu ambayo kwa miaka mingi haikuwa inaonekana. Ila hiyo sentensi ya "ajali basi" ndo inayonisumbua, kwa sababu naona mambo yanaweza kwenda kinyume kabisa. Boti ya faiba yenye mashine nzuri inampeleka mvuvi mbali kuliko uwezo wetu sisi tuliobaki nchi kavu wa kumfuata akipata shida, na mpaka pengo hilo lizibwe boti mpya inaweza ikaongeza hatari badala ya kuipunguza. Usalama wa mvuvi kwa sehemu kubwa unaamuliwa pwani kabla nanga haijang'olewa, na huko pwani hatujabadilisha karibu chochote.

Tuanze na hicho chombo cha zamani tunachokidharau. Ngalawa ina matengo pande zote mbili, kupinduka kwake ni kazi, na hata ikijaa maji ule ni mti, unaelea na watu wanaushika. Inaendeshwa na tanga, kwa hiyo upepo ukiwepo nyumbani unarudi hata kama huna hata tone la mafuta. Na kubwa zaidi ni kwamba haiendi mbali. Mvuvi wa ngalawa wa Kunduchi au Mjimwema hapa Dar anavua anapoona minazi ya kwao, wenzake wako karibu, akikwama kuna mtu atamuona. Yani ule umaskini wa chombo ulikuwa na kinga yake ndani, na hiyo kinga hakuna aliyeipanga, ilitokana tu na ufupi wa safari. Sasa ukimpa mtu huyo huyo boti ya faiba, mashine moja nyuma, kifaa cha kuona samaki, GPS na sanduku la barafu, umemwambia toka huku kwenye matumbawe yaliyochoka nenda nje kwenye jodari na nguru, na kiuchumi uko sahihi kabisa. Ila umemtoa kwenye eneo la kuonekana ukampeleka kwenye eneo ambalo mashine ikizima yuko peke yake, hana tanga, na kasia mbili kwenye boti nzito ya faiba na upepo wa kusi ni mapambo tu.

Na bahari yetu hapa ina tabia ambayo watu wa bara wengi hawaijui. Sehemu ya kina kifupi ni nyembamba sana, ukiacha milango ya bahari kati ya bara na visiwa vya Unguja na Mafia, kwa wastani ni kama kilomita 6 tu kutoka ufukweni halafu chini panaporomoka mamia ya mita. Maana yake ni kwamba nanga, ambayo ndo breki ya mwisho ya chombo kilichoharibika, inakusaidia ukiwa ndani tu. Ili nanga ishike vizuri kamba inatakiwa iwe kama mara tano ya kina na zaidi, kwenye mita 20 hiyo ni mita 100 za kamba, inawezekana, kwenye mita 300 hakuna boti ndogo inayobeba hiyo kamba. Ukishavuka hapo mashine ikizima unaanza kuelea, na unaelea kuelekea kaskazini, kwa sababu mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, wakati wa kaskazi unapungua kasi na wakati wa kusi unaongezewa nguvu na upepo. Mkondo wa noti 2 tu, yani maili 2 za baharini kwa saa, ambao kwa hapa kwetu wala si mkali, kwa masaa matatu unakuhamisha maili 6 za baharini, kama kilomita 11. Kwa masaa 18 ni maili 36, zaidi ya kilomita 65, hapo ulitoka Dar na sasa hivi uko usawa wa Unguja.

Hizo namba mbili naomba zikae kichwani maana hoja yangu yote iko humo. Tofauti ya masaa matatu na masaa 18 haitokani na boti, inatokana na pwani, na mtu gani aligundua saa ngapi kwamba fulani hajarudi. Na eneo la kutafuta halikui kwa mstari, linakua kwa mraba, umbali ukizidishwa mara sita eneo la kuzungukwa linaweza kuzidi mara 36. Kama boti ilitakiwa irudi saa kumi na mbili asubuhi na saa tatu mtu akapiga simu akisema ilienda upande wa mashariki ya Kimbiji, mtafutaji ana kazi inayofanyika. Kama ilitoka jioni, hakuna aliyejua inaenda wapi, na watu wakaanza kuwa na wasiwasi kesho yake mchana, hapo unatafuta sindano kwenye uwanja, na boti ya faiba ya mita kumi nyeupe katikati ya mapovu ya kusi kutoka juu haionekani kirahisi.

Nenda Feri, soko la samaki la Dar, alfajiri uone. Boti zinaingia, wabebaji wako kwenye maji mpaka kiunoni na ndoo, wapiga mnada wanapiga kelele, na kwenye hizo kelele kila kitu kinahesabiwa, ndoo zimeandikwa, ushuru umeandikwa, barafu ya mkopo imeandikwa, hata dumu la petroli ambalo halijarudishwa kuna mtu ana jina lake kwenye daftari. Kitu kimoja tu ndo hakijaandikwa popote, waliotoka jana ni wangapi na waliorudi leo ni wangapi. Nilimuuliza nahodha mmoja nani anajua leo anaenda kuvua wapi, akacheka, akasema tajiri, yani mwenye boti, anajua katoka, wapi ataenda atajua mwenyewe akifika nje akaangalia maji. Na ukweli ana sababu zake, mvuvi hatangazi sehemu yenye samaki, akisema diko zima, yani wote wa pale boti zinapoegeshwa, litamfuata. Kwa hiyo siri ya biashara inakuwa ndo siri ya maisha yake pia.

Hapa watakuja watu na hoja ya simu. Kila mvuvi ana simu, akikwama si apige? Simu inategemea mnara na minara imejengewa watu wa nchi kavu, ukitoka nje kidogo na uko chini kwenye usawa wa maji mtandao unakata, na mara nyingi unakata hapo hapo ambapo samaki wazuri wanaanza. Halafu simu imelowa, chaji imeisha kwa sababu usiku kucha ilikuwa tochi na redio, na hata ikishika anapigiwa ndugu au tajiri, ambaye naye hajui ampigie nani. Redio ya VHF ni kitu kingine, chaneli 16 inasikilizwa na kila meli iliyo karibu, na Dar hii meli kubwa zinapita na kutia nanga nje kila siku, wewe unaita wanakusikia wote kwa mara moja. Bei ya redio ya mkononi haikaribii bei ya mashine. Lakini hata hiyo redio bila mtu wa kuisikiliza pale dikoni ni boksi tu, na hii ndo sehemu ambayo kwenye makabidhiano haipigwi picha. Tuna kituo cha kuratibu uokoaji baharini hapa hapa Dar chini ya TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, tatizo haliko kwenye kukosa jengo lenye kibao, liko kwenye kilomita za mwisho kati ya hicho kituo na mama wa Buyuni ambaye mume wake hajarudi na hajui aanzie wapi.

Sasa laifujaketi. Upande wa serikali na wadau wengi wana hoja yenye nguvu na siidharau: vaeni majaketi, kagueni vyombo, kateni leseni, vifo vitapungua. Ni kweli. Maji yetu ni ya moto kwa kulinganisha, nyuzi 25 mpaka 30, mtu aliyevaa jaketi anaweza kukaa masaa mengi akiwa hai, asiyevaa hata kama ni muogeleaji mzuri anachoka, mawimbi yanampiga usoni, anakunywa maji, imeisha. Kwa hiyo jaketi ni lazima, hilo tusibishane. Ila tuelewe jaketi linafanya kazi gani: linakununulia muda. Kama huo muda hakuna anayeutumia kukutafuta, umevaa jaketi unaelea vizuri kabisa kuelekea Kenya. Laifujaketi na daftari la dikoni ni kitu kimoja kilichokatwa vipande viwili, sisi tumekuwa tukigawa kipande kimoja tu na kushangaa mbona hakifanyi kazi.

Kuna hoja nyingine inayotembea sana, nayo kwa maoni yangu ndo dhaifu kuliko zote: kwamba wavuvi ni wabishi, wamepewa majaketi wakayafungia stoo, sasa ufanyeje na mtu asiyejipenda. Wanaosema hivi hawajawahi kuvuta nyavu. Yale majaketi ya rangi ya chungwa yenye mafoomu manene kifuani yametengenezwa kwa abiria wa kivuko, mtu anayekaa kwenye kiti na kusubiri. Mpe mtu anayeinama, anavuta ringneti, ule wavu mkubwa wa kuzungushia samaki, na wenzake 15 mpaka 20 kwenye boti moja, kamba zinapita kila mahali, joto lile, jasho na magamba, halafu vile vishikizo vinanasa kwenye macho ya wavu. Wavu unaondoka na yeye anaondoka nao. Akilivua anakuwa kafanya hesabu ya hatari aliyoiona kwa macho, hapo hakuna ubishi wowote. Yako majaketi ya kufanyia kazi, membamba, yasiyo na vishikizo vinavyoning'inia, wavuvi wa nchi nyingine wanayavaa siku nzima. Waliochagua aina ya kununua wangekuwa wamelala usiku mmoja tu na watu wa dagaa wasingenunua ile. Ukinunua kwa kuangalia bei na idadi ya kutangaza basi utapata stoo iliyojaa, na lawama utampa mvuvi.

Mwenzake wa hoja hiyo ni ile ya "wazee wetu walienda bila hivyo vitu na walirudi". Waliorudi ndo waliotusimulia, wengine hatukuwasikia. Na wazee walikuwa na kalenda, kusi ikivimba chombo kinapandishwa juu, kinapigwa kalafati na mafuta, watu wanashona matanga. Leo nani anapandisha chombo Juni na Julai wakati soko la Feri linataka samaki kila siku na bei ndo inakuwa nzuri kwa sababu wengi hawajatoka?

Hapo tunafika kwenye kitu ambacho naona ndo kiini cha maamuzi mabaya baharini, na ni pesa. Mfumo wa mgao unajulikana, mauzo yakipatikana yanatolewa kwanza mafuta, barafu, chakula, halafu kinachobaki kinagawanywa kati ya chombo na watu. Maana yake safari isiyo na samaki mabaharia wamefanya kazi bure, na wengi tayari wana deni la tajiri. Nahodha anayeangalia wingu saa kumi jioni hafanyi hesabu ya wingu peke yake, nyuma yake kuna watu 15 ambao nyumbani hawajaacha hela ya kula. Ongeza sasa mkopo wa boti. Mkopo hauna riba, sawa, ila una marejesho, na marejesho yana tarehe, na tarehe haijui kusi wala kaskazi. Kama ratiba ya kulipa haina miezi ya kupumua pale kusi inapokuwa kali, tumeweka mkono mwingine mgongoni mwa nahodha unaomsukuma atoke. Na tazama bima, chombo cha mkopo kinapokatiwa bima kinacholindwa ni mali ya mkopo. Boti ikizama mkopeshaji ana pa kukimbilia. Baharia aliyekuwa ndani yake, ambaye hana mkataba wa maandishi, familia yake inakimbilia kwenye mchango wa msiba.

Wamiliki wa vyombo nao wana hoja na ni ya kusikilizwa. Wanasema kila mtu ana karatasi yake, leseni ya uvuvi, leseni ya chombo, ukaguzi, ushuru, kila mmoja anadai, sasa mkituongezea redio, kifaa cha kutoa ishara kwa satelaiti na majaketi ya bei tutauza boti. Nawaelewa, na naamini ukaguzi wa mara moja kwa mwaka unatoa karatasi zaidi kuliko usalama. Mkaguzi anakuta boti tupu, kavu, imetia nanga, majaketi yamepangwa. Boti hiyo hiyo usiku ni kitu kingine kabisa: dagaa wamemwagwa sakafuni, wavu uliolowa umerundikwa ukingoni, watu wote wamesimama upande mmoja wanavuta, na maji ya bahari yanacheza humo ndani. Hayo maji ndo muuaji ambaye watu hawamuoni. Lita 300 zilizotulia katikati ya boti si tatizo kubwa, lakini boti ikilala kidogo zinakimbilia zote upande ule ule uliolala, ni zaidi ya kilo 300 zimehamia upande mbaya kwa sekunde mbili, boti inalala zaidi, na maji mengine yanaingia. Dagaa wabichi wanatembea karibu sawa na maji. Ndo maana boti inapinduka wakati bahari imetulia na watu wakabaki wanasema kuna mkono wa mtu. Dawa yake haina gharama ya kutisha, mbao za kugawa sakafu vyumba vyumba, mtu mmoja kazi yake kukumba maji tu muda wote wa kuvuta, na nahodha mwenye roho ya kusema basi, zilizobaki tuziachie. Hiyo ya mwisho ndo ngumu, nishaeleza kwa nini.

Vingine vya gharama ndogo navipitia haraka. Mafuta yagawe theluthi tatu, moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja usiiguse. Plagi za akiba, kamba ya kuvutia mashine, chujio la mafuta kwa sababu petroli ya dumu mara nyingi ina maji, na maji kwenye kabureta ndo mwanzo wa stori nyingi za kupotea. Kamba ya kuzimia mashine ifungwe mkononi kwa nahodha, akidondoka boti isiendelee na safari bila yeye. Na boti za kwenda nje zitoke mbili mbili, hata kama mna ugomvi wa mawindo.

Kuna wanaosema sheria za kimataifa zitatusaidia, hapo pia tusijidanganye. Mkataba mkubwa wa usalama wa maisha baharini, ule uliotokana na Titanic, kwa sehemu kubwa vyombo vya uvuvi haviguswi nao. Ule wa Torremolinos wa mwaka 1977 uliotungwa kwa ajili ya vyombo vya uvuvi haujawahi kuanza kutumika, na ule wa Cape Town wa 2012 uliokuja kuurekebisha unahusu vyombo vya mita 24 kwenda juu, yani karibu hakuna boti hata moja ya Feri. Hata idadi ya wanaokufa dunia haiijui vizuri, kwa miaka mingi iliyokuwa inatajwa ni 24,000 kwa mwaka, mwaka 2022 utafiti wa FISH Safety Foundation ukasema ni zaidi ya 100,000. Tofauti hiyo kubwa sehemu yake ni watu wa vyombo vidogo kama vyetu ambao walipotea hawakuandikwa popote.

Na kimbunga Hidaya, Mei 2024, nadhani ilitupa faraja ya uongo. TMA, wale wa hali ya hewa, walifanya kazi nzuri, kimbunga kilikuwa na jina, kilitangazwa kila baada ya muda, vivuko vya Zanzibar vikasimama, watu wakatii. Tukasema mfumo unafanya kazi. Unafanya kazi kwa kimbunga, kitu kikubwa kinachokuja polepole na kinaogopesha kila mtu, hakuna tajiri atakayesema toka. Upepo wa kawaida wa kusi wa Jumanne jioni, ambao kwenye utabiri umeandikwa mstari mmoja tu na hauna jina, kwa huo hakuna anayesimamisha kitu, uamuzi ni wa nahodha na deni lake.

Kama wanaopanga hizi boti wanasoma, kitu cha kuongeza kwenye mpango hakihitaji mashine kubwa zaidi. Kila diko linalopokea boti lipokee pia redio ya mezani, betri na sola yake, na mtu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi wa eneo, anayelipwa kukaa nayo usiku, na daftari lenye mistari minne: chombo, majina ya watu, upande wanaoelekea, saa ya kurudi. Upande tu, wala si sehemu yenyewe, siri ya samaki ibaki salama. Yakipita masaa mawili baada ya muda huo, huyo mtu ana namba ya kupiga na hana haja ya kumuomba ruhusa tajiri. Marejesho yapangwe kwa misimu, miezi ya kusi kali iwe midogo au isiwepo. Na tuamue mapema nani analipa mafuta ya kutafuta, kwa sababu leo boti ikichelewa wanaotoka kuitafuta ni wavuvi wenzao, kwa petroli waliyoiweka kwa ajili ya kazi yao, wanarudi inapoisha hata kama hawajapata kitu. Ushuru unakatwa kwenye kila ndoo inayopita sokoni. Sehemu ndogo ya ushuru huo ikitengwa dikoni kama mafuta ya kutafutia, yakafungiwa sehemu na ufunguo akawa nao yule yule wa daftari, boti ya kwanza ya kutafuta inaweza kuondoka ndani ya nusu saa badala ya kusubiri watu wachange.